Kikombe cha Glory

Letisia hakuwa na mzaha na maji. Kitongoji kizima kilimcheka: mama Glory anachemsha maji mpaka yanaomba msamaha. Waache wacheke, wao hawakumzika Emanuel. Mwanawe huyo wa kwanza alikunywa maji ya kijito cha kule juu, akaharisha usiku na mchana, na kabla pikipiki haijapatikana ya kumfikisha hospitali ya Katesh alikuwa ameshakata roho. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu msiba ule Letisia hakukanyaga kijitoni. Alichota kwenye pampu ya kijiji, maji yanayotoka chini kabisa ya ardhi, na hata hayo aliyaacha yatokote mpaka yabaki nusu sufuria.

Sasa Glory alikuwa na miaka mitatu, na magoti yake yalikuwa yanaachana.

"Atanyooka tu," alisema Marieta, mama mkwe wake. "Hata baba yake alikuwa na matege."

Letisia aliitikia, lakini kila akimwogesha mtoto alipitisha ngumi katikati ya yale magoti. Zamani ngumi ilibana. Siku hizi ilipita bila kugusa popote.

Ndipo akaja Violeth, mtaalamu wa maji kutoka wilayani. Alichukua maji ya pampu na ya kijito, akaenda kuyapima, na aliporudi na majibu watu walikusanyika pampuni. Letisia alisimama mbele, Glory mgongoni.

"Maji haya ya pampu yana floraidi nyingi," Violeth alisema. "Ni madini ya huko chini kwenye miamba. Ndiyo yanayotia meno yenu rangi ya kahawia. Kwa watoto wadogo yanaweza kupinda mifupa."

Watu wakacheka na meno yao ya kahawia. Mmoja akasema hayo ndiyo meno ya kwao, mwenye meno meupe ni mgeni. Letisia hakuona cha kuchekesha hata kidogo.

"Lakini mimi nachemsha, dada," alisema. "Nachemsha sana. Mpaka yanabaki nusu."

Violeth alimtazama, kisha akaangalia miguu iliyoning'inia kiunoni mwake.

"Mama Glory, kuchemsha kunaua vijidudu. Madini hayafi. Maji yakipungua, madini yanabaki palepale sufuriani, yanakolea."

Kumbe ni yeye. Kwa mkono wake, kwa kuni zake, akijiona ndiye mama mwenye akili kuliko wote.

"Hakuna aliyejua, mwanangu," Marieta alimwambia, akamshika mkono.

"Sasa nimpe nini?"

"Ya kijito," Violeth alisema. "Floraidi yake ni ndogo sana. Vijidudu vipo, kwa hiyo hayo ndiyo ya kuchemsha. Yakishatokota, ipua."

"Na miguu?"

"Mpeleke hospitali waione. Siwezi kukuahidi kitu. Ila bado ni mdogo, na usimpe tena ya pampu."

Kesho yake asubuhi Letisia alipanda kijitoni peke yake. Alichota bila kutazama pembeni, akarudi, akachemsha, akaipua. Mkono ulitaka kuirudisha sufuria jikoni, akaukataza. Maji yalipopoa alikunywa yeye kwanza, akakaa kwenye kigoda akilisikiliza tumbo lake. Jua lilipanda. Glory alikuja na kikombe chake cha plastiki, akasema ana kiu. Akaambiwa asubiri. Akasema tena, kisha akaanza kulia.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Letisia alikuwa nao wa watoto wawili. Alimimina, akampa. Glory alikunywa yote bila kupumzika, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Mengine, mama."

Letisia aliinua sufuria kwa mikono miwili, akamwongezea.