Mkono wa Namba Arobaini na Moja

Maige alikuwa na miaka minne kaburini, lakini kila Alhamisi asubuhi alikuja zahanati kusomwa mkono.

Mbuke, dada yake, hakumwona. Angemwona labda ingekuwa nafuu, maana anayeonekana unaweza kumfukuza. Alichokipata ni harufu ya utomvu wa minyaa, kali, ya kuwasha pua, ikitokea upande wa benchi wakati benchini wamekaa akina mama na watoto wao tu. Kisha kidole gumba chake cha kulia kilianza kuhisi ngozi chini yake, laini, yenye maji ndani. Anaweza kuwa anafunga kidonda au anahesabu klorokwini, na kidole kikawa kinabonyeza mkono wa mdogo wake. Aliwahi kukisugua kwa spiriti. Spiriti haijui habari za wafu.

Wala hakuwa mtu wa kuamini kila linalosemwa. Alikuwa muuguzi msaidizi katika zahanati ndogo ya barabarani nje ya Tinde, mama wa Melania, na ulimi wake uliogopwa na wagonjwa kuliko sindano yake. Mtu akisema amerogwa, alimwuliza kwanza kama amechemsha maji ya kunywa. Sasa yeye mwenyewe alikuwa na lake, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu angemwambia angelazimika kueleza lilikoanzia.

Lilianza mwaka sabini na moja, Daktari Fikirini alipofika na Landrova iliyojaa masanduku. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, msemaji wa taratibu. Alitafuta vijana waliorudi kutoka kambi moja ya ujenzi wa barabara huko Kenya, nchi kavu ya vichuguu virefu, ambako usubi unaokaa kwenye nyufa za vichuguu hivyo ulikuwa ukiwapa watu ugonjwa uitwao kala-azar. Homa inakuja na kuondoka, mwili unakonda, bandama inavimba mpaka tumbo linakuwa la mjamzito. Asiyetibiwa hufa.

"Lakini wapo walioumwa na usubi uleule na hawakuugua," Daktari alimwambia Mbuke. "Hao ndio ninaowatafuta. Miili yao imejifunza kitu, na mimi nataka kujifunza kwao. Siku moja tutapata chanjo."

Akamfundisha kazi. Jumatatu unadunga chini ya ngozi ya mkono maji yenye vijidudu vilivyouawa. Alhamisi unausoma mkono. Unapitisha peni taratibu juu ya ngozi mpaka igote kwenye uvimbe mgumu, unaweka alama, unapima kwa rula. Uvimbe ukiwa mgumu, mwili umemkumbuka adui na unajua kupigana naye. Mkono ukiwa mtupu, mambo ni mawili: ama mtu hajawahi kukutana na ugonjwa, ama ugonjwa umemshinda na mwili umenyamaza.

"Mwenye homa na mkono mtupu," alisema Daktari, "huyo anaondoka na mimi kwenda Mwanza. Tunamchoma sindano ya bandama, tunavuta majimaji yake kuthibitisha."

Mbuke alifurahi kujua jambo ambalo wengine hawalijui, na raha hiyo ndiyo iliyomponza. Jumatatu ile Maige naye alidungwa, akaandikwa namba arobaini na moja. Jioni, wakila ugali kwa mlenda, Mbuke akamweleza yote, kwa mbwembwe za mwalimu. Wanaovimba ni mashujaa, wasiovimba wanakwenda Mwanza. Akataja mpaka sindano ya bandama.

Maige akaacha kula. Alikuwa amerudi kutoka Kenya miezi mitatu nyuma, na homa yake ya vipindi walikuwa wakiiita malaria, kwa kuwa kila homa ya Shinyanga ni malaria mpaka ithibitike vingine.

"Hiyo sindano naijua, dada. Cornel, mwenzetu wa kambini, alichomwa nikiwepo. Alitembea kwa miguu yake kuingia hema la daktari, wakamtoa kwenye machela. Damu ilimwagikia ndani kwa ndani."

"Mmoja kati ya wengi, mdogo wangu."

"Mimi namjua huyo mmoja."

Alhamisi Maige alikuja wa mwisho, shati la mikono mirefu, anacheka peke yake. Akakunja mkono wa shati. Mahali pa sindano palikuwa pameumuka, pekundu, pana kuliko mkono wowote aliousoma Mbuke asubuhi ile. Akaweka kidole gumba. Kikabonyea. Palikuwa na malengelenge, na harufu ya utomvu ilikuwa bado haijatoka.

Kila mtoto wa Shinyanga anaijua minyaa. Ndiyo ua wa kila boma, na kila mtoto amekanywa asiuvunje, utomvu wake utamchoma ngozi na kumpofua macho. Maige alikuwa ameuvunja makusudi na kujipaka.

"Umefanya nini?" Mbuke alinong'ona.

"Pima tu, dada. Nakuomba. Rafiki yangu Januari na wenzake wanakwenda Nyarugusu Jumapili, kuchimba dhahabu. Nina nguvu, angalia." Akakunja ngumi mbele yake. Ilikuwa ngumi ya mifupa. "Usinipeleke kwa yule mtu. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni."

Daktari alikuwa nje, anafungasha masanduku. Ingetosha kumwita. Mbuke alisikia hata sauti yake ikimtania dereva. Badala ya kuita akachukua rula, akapima malengelenge, akaandika: milimita kumi na sita. Rula haikusema uongo, na kwa siku kadhaa alijifariji kwa hilo.

Wiki ya saba Januari alimrudisha Maige kutoka Nyarugusu juu ya lori la pamba. Tumbo lilikuwa limejaa, miguu ya korongo, damu inamtoka puani. Mbuke alikesha kando yake siku mbili. Maige hakumlaumu dada yake hata kwa jicho, na hilo ndilo lililomuumiza Mbuke kuliko kama angemtukana. Wakamzika nyuma ya boma, kando ya ua wa minyaa. Alhamisi iliyofuata harufu ikaanza.

Mwaka sabini na tano, siku ya Jumatano, Landrova ileile ikasimama mlangoni. Daktari Fikirini alikuwa na mvi sasa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mama Melania. Nimefuata mtu mmoja." Akafungua daftari, ukurasa umechakaa kwa kufunuliwa. "Namba arobaini na moja. Katika mikono yote niliyopima hapa na Kenya, hakuna uliojibu kama wake. Miaka minne nimekuwa nikijiuliza huyu kijana ana nini ambacho wengine hawana. Nataka damu yake kidogo tu. Huenda chanjo ikaanzia kwake."

Mbuke angeweza kusema amehama, amepotelea machimboni, watu hupotea huko kila siku. Badala yake akamwongoza mpaka nyuma ya boma, akamwonyesha kaburi. Kisha akasema yote, bila kujitetea: ugali, Cornel, utomvu, rula.

Daktari akafungua tena daftari kwenye ukurasa ule.

"Alikuwa na homa siku ile?"

"Alikuwa nayo."

"Na uliandika kumi na sita."

"Niliandika."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bandama ningeweza kuiacha. Angekataa, ningetoa uroto mfupani, au ningemtibu hivyo hivyo kwa dalili. Ulikuwa hujui hilo, na mimi sikukwambia, hapo kosa ni langu." Akageuka kutazama barabarani. "Dawa ilikuwa ndani ya gari, Mama Melania. Sindano za siku thelathini. Nilikuwa nazo za watu sita, na nikarudi nazo zote."

Akampa daftari na peni. Mbuke akaikata kumi na sita kwa mstari mmoja, akaandika sifuri kwa mkono wake mwenyewe. Kulia alilia baadaye, jikoni, kwa sauti, mpaka Melania akakimbilia kwa jirani.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Daktari alikuwa anafungasha ili aondoke, wagonjwa wamejaa benchini. Harufu ikaja. Kidole gumba kikahisi ngozi laini, yenye maji.

Safari hii Mbuke hakukiondoa.

"Sifuri, mdogo wangu," alisema kwa sauti, watu wote wakageuka. "Sifuri. Panda gari."

Nje, dereva akafunga mlango wa nyuma, na Landrova ikashika njia ya Mwanza.