Jiwe la Fundi Kesho

Mtaani walimwita Fundi Kesho, na jina lenyewe alikuwa amelitolea jasho. Ukimpelekea feni Jumatatu, atakwambia kesho. Ukirudi Jumanne, kesho ni ileile. Ila mkono wake ulikuwa mzuri, ndiyo maana watu walimvumilia.

Mkewe naye alimvumilia. Mama huyo alijinunulia oveni ndogo ya pizza, ya bei ya chee, na uchee wake haukujificha: moto wote ulikaa nyuma, pizza ikaungua huku na kubaki mbichi kule. Kila Jumapili aliita kutoka jikoni, "Mzee, hebu njoo uone hili jiko." Fundi, bisibisi mkononi, alijibu kesho. Miaka miwili alimpiga danadana hivyo.

Sasa mkewe alikuwa na wiki ya sita kaburini, na fundi alikuwa amekufa ganzi. Siku iliyofuata mazishi alifungua karakana, macho makavu, akatengeneza pasi nne. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alipomkuta huko alimpa kisogo. Hakupiga simu mpaka juzi: angekuja Jumapili kuchukua oveni ya mama yake, basi. Fundi alielewa kwamba akishaichukua, hatakuwa na sababu nyingine ya kurudi.

Kwa hiyo akaingia kazini. Alinyofoa mota kwenye maikrowevu bovu, ile inayozungusha sahani ya kioo. Akatoboa sakafu ya oveni, akapitisha fimbo ya chuma, akaifunga mota chini kabisa, na kati yake na moto akaweka bati. Juu ya fimbo akakalisha jiwe, lile bapa la mviringo ambalo pizza huokwa juu yake. Likayumba kama mlevi, akalisawazisha kwa vipande vya bati. Mota za aina hiyo hazina adabu: ukiwasha sasa inakwenda kulia, ukiwasha tena inakwenda kushoto, itakavyo yenyewe. Hilo halikumsumbua. Hakuna kilichomsumbua. Alifanya kazi siku tatu, akila pale alipokumbuka kula, na hata alipojichoma kidole alikitazama tu kama cha mtu mwingine.

Binti alifika saa sita mchana na mfuko mkubwa wa kubebea. Alimwamkia baba yake kwa heshima wanayopewa watu baki. Fundi akamwomba asubiri pizza moja tu. Jiwe likazunguka taratibu, bila kelele, na pizza ikatoka imeiva rangi moja kote. Hata mwenye chuki asingepata la kusema.

Binti aliitazama, hakukata kipande.

"Nimelitengeneza," fundi alisema. "Lile alilolalamikia miaka yote. Sasa halihitaji mtu kusimama hapa kugeuzageuza."

"Hakuwa akililalamikia jiko, baba. Mimi nilitaka kumnunulia jingine, zuri zaidi, akakataa. Akasema, hili likipona, nitamwita kwa lipi?"

Fundi alibaki amesimama, pizza inapoa mezani. Aliyasikia maneno yote na kuyaelewa yote. Alingoja yamuume, hayakumuuma, akaona aibu.

"Ningekuja, angeniambia nini?"

"Sijui, baba. Hukuja."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angesema kwa hasira. Akaanza kuukunjua mfuko, akiupima kwa macho na ile oveni. Fundi alikuwa na mengi ya kumweleza, namna ya kuifungua mota, namna ya kulisafisha jiwe. Akachomoa waya ukutani, jiwe likasimama.

"Sijamlia mama yako," alisema. "Tangu siku ile sihisi kitu, si njaa, si uchungu. Naogopa."

Binti hakuwahi kumsikia baba yake akisema anaogopa. Aliushika mfuko vilevile kwa muda, nusu umekunjuka. Kisha akauweka sakafuni, akavuta kiti, akakaa kumkabili.

"Basi nihadithie habari zake," alisema. "Anzia popote."

Fundi naye akakaa. Tangu mazishi alikuwa akisema marehemu, au mama yako, au yule. Sasa alilitaja jina lenyewe, lile alilomwita tangu wakiwa wachumba, na kabla hajalimaliza sauti ikamkatika.