Inchi Ishirini na Sita

Khisa alimaliza kulipiga msasa sanduku asubuhi, umande ukiwa bado kwenye mabati ya karakana. Hakuchonga ua hata moja. Misheni walikuwa wamemfundisha nakshi, lakini miaka mitatu ya kazi kwa Bwana Futi ilikuwa imemwachisha mazoea hayo. Mafundi walimwita hivyo kwa sababu ya futi ya mbao isiyomtoka mfukoni. Mzungu huyo aliunda samani za matajiri wa Nairobi, na kila siku alihubiri kwamba ua halimsaidii mtu kukaa.

Nyumbani, Namalwa, mke wa Khisa, alikuwa akilingoja sanduku hilo. Mtoto wao alikuwa kitandani, amefunikwa leso.

"Khisa! Hii nani nafanya?" Bwana Futi alikuwa mlangoni.

"Ni mimi, Bwana."

Mzungu alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye maungio. "Miaka tatu nasema, wewe hapana sikia. Leo umesikia! Hapana maua, hapana takataka. Hii ni kitu ya kila mtu. Maskini, tajiri, yote sawa." Alikuwa ameshatoa futi. Urefu, inchi ishirini na sita. Akaandika kwenye karatasi. "Memsahibu Nairobi nataka weka blanketi. Naenda na lori leo."

Khisa alilishika sanduku kwa mikono miwili.

"Haliendi, Bwana. Ni la mwanangu Selpha. Tunamzika saa tisa."

Bwana Futi alivua kofia. Uso ulimwiva, akamwambia apumzike siku tatu. Akaikunja karatasi polepole, akaitia mfukoni.

Mwezi haukuisha, oda ikaja kutoka Nairobi: masanduku sita tu ya mfano ule, kila moja na nambari yake, ili wenye nayo wajue wengine hawana. Khisa alikata mbao. Bwana Futi alipolipima la kwanza, alikunja uso.

"Ishirini na saba. Umekosa."

"Sijakosa, Bwana."

"Karatasi nasema ishirini na sita!"

"Ishirini na sita ina mwenyewe, Bwana."

Bwana Futi alimtazama. Kisha akatoa penseli, akaikata sita kwenye karatasi, akaandika saba, akatoka nje.

Khisa akarudi kwenye randa. Chozi likadondokea ubao, akalifuta upesi kwa kiwiko, lisije likaacha doa.