Ncha ya Pili ya Waya

Kaka mtu alifariki makala ikiwa imebaki kutumwa tu. Ndani yake alidai kuwa wameipata hali ya Majorana, hali adimu ya elektroni inayosakwa na wanafizikia wengi, kwenye waya ya maabara yao, nyembamba kuliko unywele kwa mbali, iliyopozwa hadi umeme ukapita bila kizuizi. Ushahidi ulikuwa kilele kimoja cha mkondo wa umeme kwenye skrini, kimesimama wima juu ya volteji sifuri.

Dada yake alirithi meza na kazi. Alichotakiwa kufanya ni kusafisha grafu na kutuma. Yeye akasema atapima kwanza ncha ya pili ya waya.

"Ya nini tena?" aliuliza fundi wa mtambo wa kupoza, ambaye wote walimwita Barafu. "Kilele kipo, kimetulia sifuri. Unataka kikuimbie?"

"Hata hali ya kawaida hutulia sifuri ukiibembeleza. Majorana hukaa nusu huku, nusu kule. Lazima ionekane ncha zote mbili kwa pamoja."

Barafu aliyajua mazoea ya maabara. Waya walizifunga kiunganishi cha kupimia upande mmoja tu, kwa kuwa cha pili kiliwasumbua kukitengeneza. Kisha walirekebisha volteji kidogo kidogo mpaka kilele kitue kwenye sifuri, na hapo ndipo walipoanza kurekodi. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja alifanya kama alivyomkuta mwenzake akifanya.

"Waya yenye kilele ni hiyo moja tu," Profesa, mkuu wa maabara, alimwonya. "Ukiiunguza ukifunga kiunganishi cha pili, hatuna ushahidi wala hatuna makala."

"Naelewa, Profesa. Bila ncha ya pili pia hatuna."

Profesa akamsogezea kisanduku chenye waya ile.

Mchana ule wifi yake, mjane wa kaka, alipiga simu.

"Wifi, nasikia unaichokonoa kazi ya mume wangu."

"Nani kakwambia?"

"Nani kama si Barafu? Neno halikai mdomoni mwake, linayeyuka."

Alicheka bila kutaka. Wifi hakucheka.

"Na ukikuta siyo?"

"Nitakwambia wewe kabla ya mtu mwingine."

"Kaka yako angekasirika."

"Angekasirika, halafu angeniuliza nimepima vipi."

Alikifunga kiunganishi cha pili polepole. Waya haikuungua. Barafu akaipoza, naye dada akaanza kupima ncha ya zamani. Kilele kilikuwa pale pale. Akahamia ncha ya pili.

Mstari kwenye skrini ukalala chini, bila kilele.

"Labda kiunganishi kimekufa," alisema Barafu.

Alikikagua, kilikuwa kizima. Akaongeza nguvu ya sumaku, akaipunguza. Akagusa volteji ya karibu na ncha ya kwanza tu: kilele kikapasuka vipande viwili, kikaikimbia sifuri. Ncha ya pili haikushtuka. Alirudia tangu mwanzo, na tena, mpaka Barafu akaacha kutoa sababu na kumvutia kiti.

Alitoka akaenda koridoni, akampigia wifi.

"Siyo," alisema.



"Sasa yeye aliona nini?"

"Hali ya kawaida, imejibanza ncha moja. Alipima vizuri, wifi. Kilele ni cha kweli kabisa. Tulikosea kukiita Majorana."

"Makala je?"

"Hiyo haitatumwa. Nitaandika nyingine, tuonyeshe jinsi hali hii inavyoweza kumdanganya mtu. Vipimo vyake vitakuwemo vyote."

Wifi alivuta kamasi. "Mimi nimebaki na huzuni ile ile."

"Hata mimi."

"Nimwambie nini mtoto?"

"Mwambie shangazi yake bado anaitafuta ile aliyoitafuta baba yake."

Alirudi ndani, akafuta kichwa cha makala kilichokuwa kwenye skrini. Kisha akamwomba Barafu aandae waya mpya, na viunganishi viwili.

"Viwili vinasumbua," alisema Barafu.

"Najua. Tuanze."