Chukua Mtaa Wetu

Kichwa kilichosukwa nusu hakikimbii. Ndiyo maana Msusi alikuwa mtu wa kusikia mengi. Mteja akiwa na nywele zilizolala upande mmoja na zilizosimama upande wa pili kama jogoo aliyenyeshewa, atasema yote, maana hana pa kwenda.

Lakini siku ile mwenye habari alinyamaza mpaka mistari miwili ya mwisho. Alikuwa Bibi. Naye hakuwa bibi wa mtu, alikuwa binti mbichi kabisa, ila kila Jumamosi, katika ukumbi wa chama cha mafundi nyuma ya gereji, alijipaka mvi, akainama mgongo, akaigiza mwanamke mzee aliyeachwa peke yake nyumbani. Mchezo ulipendwa, na jina likamganda. Hata Fundi Viatu wa mlango wa pili, ambaye mvi zake hazikutoka kwenye kopo, alimwamkia, "Shikamoo, Bibi," na binti akamwitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," bila kucheka.

"Tunahama," Bibi alisema. "Ukumbi mkubwa wa mjini umetuchukua. Tunaanza Jumapili ya wiki ijayo, mchana."

Kichana kilibaki hewani. Habari hiyo wapenzi wa mchezo waliingoja kama mwali anavyongojwa mlangoni. Walishachoka na viti vya plastiki, na bati ambalo mvua ikilipiga waigizaji husimama midomo wazi mpaka inyamaze.

"Sasa mbona umekunja uso kama shati la mtumba?"

"Kitendawili hakihami, dada."

Hapo Msusi alikaa.

Katikati ya mchezo, yule mzee anaachwa na wanawe wote. Nyumba inanyamaza. Anageuka kwa watazamaji, anaweka mkono nyuma ya sikio, anaita, "Kitendawili." Mpaka aitikiwe "Tega," mchezo hauendi mbele. Akishaitikiwa anasema: "Nikiwa peke yangu hayupo, tukiwa wawili amekaa katikati yetu." Wageni wanakuna vichwa. Wenyeji wanalijua jibu lakini hawasemi. Ndiyo ilikuwa adabu yao, haikuandikwa popote: anayejua hajibu, anatoa mji, ili mgeni alipate jibu likiwa la moto. Bibi akisema, "Basi nipeni mji," sauti ya Msusi ilitoka palepale ilipozoea kutoka: "Chukua mtaa wetu."

Bibi aliuchukua. Alijisifu alivyofika huko akasukwa bure, akajaribu viatu vyote vya Fundi na kuviacha vyote vimepanuka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha, kwa sauti ndogo, alilitoa jibu: mazungumzo. Na kicheko kilikatika kama uzi.

Hivyo mtaa ulitolewa Jumamosi baada ya Jumamosi. "Msusi, umetuuza tena," majirani walimwambia asubuhi yake. "Siku hizi sisi ni wapangaji wa Bibi."

Walimtania kwa kuwa walijua alikotoka. Mwaka aliofiwa na mumewe, Msusi alinyamaza. Kusema alisema, lakini ni "inamisha kichwa," na "geuka," na "karibu tena." Wifi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyemburuta kwenda kuona mchezo. Watazamaji walikuwa wachache. Bibi aliita, kimya. Akaita tena. Msusi akasikia mtu anaitikia "Tega" kwa sauti ya kutosha kuamsha gereji, akageuka amwone huyo asiye na haya. Kumbe ni yeye.

"Nilidhani umemeza kufuli," wifi yake alimwambia njiani. "Kumbe ufunguo ulikuwa nyuma ya gereji."

Sasa Bibi alimweleza. Walikuwa wamefanya jaribio katika ukumbi mkubwa, mbele ya wageni waalikwa. Aliita kitendawili, akaitikiwa na kikohozi. Mwongozaji akaamua sauti zirekodiwe. Fundi mitambo atabonyeza kitufe, na spika zitasema "Tega."

"Na mji?"

"Nao utatolewa na spika."

Msusi alimalizia mistari ile kwa mkono mkavu hata Bibi akafumba macho. Akafunga saluni mchana kweupe, akaenda ukumbi wa gereji kumtafuta mwongozaji.

Mwongozaji alikuwa mtu mwema mwenye mafua yasiyokwisha. Alimkuta ameketi ukingoni mwa jukwaa, kikombe cha chai mkononi.

"Mama, mimi sikuwakataa watu," alisema. "Watu ndio walionikataa. Nilisimama nyuma nikasikia. Sauti inafia katikati."

"Hao hawakuwa sisi."

"Nyinyi mko wangapi? Konzi moja. Ukumbi ule ni kiwanja cha mpira kilichoezekwa."

"Chumvi nayo ni konzi moja, baba. Mchuzi ni sufuria."

Mwongozaji alicheka, akapiga chafya, akafikiri. "Haya. Bibi ataita mara mbili. Ya pili ukumbi ukinyamaza, kitufe kinabonyezwa, na kitabonyezwa kila siku baada ya hapo. Hatutabishana tena."

"Hatutabishana," alisema Msusi.

Tangu siku hiyo saluni ikawa darasa. Msusi alisuka nusu kichwa, akaweka kichana chini, akasema, "Kitendawili." Mteja akijibu kwa kunong'ona, kichana hakiinuki. "Unamwitikia panya au mtu?" Fundi Viatu naye alimkabidhi mtu kiatu cha kulia na kuking'ang'ania cha kushoto. "Kitendawili." Mmoja alitaka kuondoka hivyohivyo, akaruka hatua chache kwa mguu mmoja, akarudi na kusema "Tega" kwa hasira. "Hiyo ndiyo ninayoitaka," Fundi alimwambia. "Jumapili njoo na hasira hiyohiyo."

Wifi peke yake ndiye aliyeona ni kazi bure. Alikaa kwenye benchi la saluni akichambua mchele.

"Wifi, wale ni watu wa viti laini. Wanapiga makofi kwa ncha za vidole. Spika ikiwaitikia, wewe unapungukiwa nini?"

"Spika haitoi mji, wifi. Haina kwao."

Wifi alitoa kijiwe kimoja kwenye mchele, akakitupa mlangoni.

Siku ya kugawana tiketi, wapenzi wote walitaka kukaa pamoja, mstari wa mbele, na nguo za rangi moja. Msusi alikataa. "Chumvi ikikaa donge, atakayelipata atatema, na wengine watakula mchuzi chapwa. Tutawanyike. Mmoja huku, mmoja kule, mmoja juu roshani."

"Nikae peke yangu kati ya watu nisiowajua?" Fundi Viatu alilalamika. "Nikiitikia peke yangu nitaonekana mwehu."

"Utakuwa mwehu mwenye tiketi. Hawawezi kukutoa."

Tiketi ya roshani ilibaki mezani, hakuna aliyetaka kupanda ngazi. Wifi aliichukua. "Nakwenda kukuchekeni kutoka juu," alisema.

Jumapili ikafika. Ukumbi mkubwa ulikuwa na zulia linalomeza nyayo na pazia zito lililosimama kama ukuta. Msusi alikaa katikati, kando ya mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo. Taa zikafifia. Kisha sauti tamu ikatoka kwenye spika: "Tafadhali zimeni simu zenu. Tunawaomba mkae kimya mpaka mwisho wa mchezo. Asanteni."

Msusi aliigeukia spika. Walifundisha mtaa mzima kuitikia, na sasa mwenye nyumba ameamuru kimya.

Mchezo ulikwenda vizuri, watu wakacheka kwa adabu. Wana wakaondoka mmoja mmoja. Bibi akabaki peke yake, akageuka, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Kitendawili."

"Tega," alisema Msusi. Zikasikika na nyingine, moja kule kushoto, moja nyuma, moja juu, kama bisi za kwanza kupasuka kwenye sufuria. Kisha ukumbi ukajibu kwa "shhh." Aliona mhudumu akimwinamia Fundi Viatu, kidole mdomoni. Yule mama mwenye miwani akamgusa mkono.

"Wametuomba tunyamaze, mwenzangu."

Msusi alitazama nyuma. Juu kabisa kulikuwa na kidirisha chenye taa, cha chumba cha mitambo, na humo kivuli cha mtu aliyeshika kitambaa puani. Angeweza kupiga kelele peke yake. Lakini hiyo ingekuwa donge la chumvi, na yeye mwenyewe ndiye aliyelikataza. Akamwinamia jirani yake.

"Wametuomba, kweli. Lakini yule mzee anakuita, mama. Kwenu mzee akiita, mnanyamaza?"

Mama yule alitazama jukwaani. Bibi alikuwa bado ameinama, mkono sikioni, akingoja. Alingoja kuliko siku zote za ukumbi wa gereji. Mtu akaanza kuona haya kwa niaba yake.

"Kwetu tunaitika," alisema mama yule, kama aliyetukanwa.

"Basi."

"Kitendawili," aliita Bibi mara ya pili, na safari hii sauti yake ilikuwa na ufa.

"Tega." Alikuwa mama mwenye miwani, kwa koo la mtu aliyewahi kuita watoto warudi kutoka mtaa wa tatu. Fundi Viatu akadakia chini ya kidole cha mhudumu. Na kutoka roshani ikashuka sauti ambayo Msusi aliijua tangu siku ya harusi yake: "Tega, Bibi, tega, mbona unatuweka?" Watu wakacheka, na katika kicheko hicho wakaitikia, wa mbele kwanza, wa nyuma wakifuata, ukumbi mzima vipande vipande. Hakuna spika inayoweza kuitikia ovyo namna ile.

Bibi aliinua kichwa. Akatega. Wengine wakajaribu: "Kivuli." "Njaa." "Mbu." Akatikisa kichwa kwa kila mmoja.

"Basi nipeni mji."

Msusi akavuta pumzi. Lakini jirani yake alishasimama. "Chukua kwetu," alisema, "na mbuzi wa jirani umchukue, anakula maua yangu." Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Chukua kijiji cha mama mkwe, naye akiwamo." Miji ikaanza kunyesha kutoka kila upande. Bibi alikinga khanga yake, akaipokea, akainua mzigo usioonekana hadi magoti yakatetema. "Wajukuu zangu," alisema, "mmenipa nchi nzima, na miguu yangu ndiyo hii."

Msusi alifunga mdomo. Akaegemea kiti laini, akasikiliza.

Mlangoni, baadaye, mwongozaji aliwapita akipenga kamasi. "Kitufe nimekibandika plasta," alisema, akaenda zake.

Wapenzi walirudi pamoja kwa miguu, wakipokezana maneno. Walipokata kona ya gereji, wifi alimshika Msusi kiwiko.

"Leo hukutuuza, wifi. Mtaa umerudi nao mzima."

Msusi aliutazama: gereji imefungwa, kiti cha Fundi kimepinduliwa juu ya meza, paka amelala kwenye ngazi ya saluni.

"Leo tu," alisema. "Jumapili ijayo nitawahi kabla ya yule mama wa mbuzi."