Damu ya Marehemu Tarishi

Jumanne moja, saa nne kasorobo asubuhi, marehemu babu alifika kliniki ya macho, akachukua namba yake, akakaa benchi la pili kusubiri kuitwa. Alikuwa amefariki miaka kumi na tisa iliyopita. Lakini barua ya wito ilikuwa na jina lake, na katika uhai wake alikuwa tarishi wa ofisi ya ardhi. Barua kwake haikuwa kitu cha kupuuza.

Nesi alimpima presha, hakuipata, akachora mstari kwenye nafasi ile. Fomu ya ridhaa iliuliza tarehe ya kuzaliwa tu, kwa hiyo haikuleta shida. Damu yake ilitoka polepole, nyeusi kidogo, ikajaza vichupa viwili.

Kosa la barua lilikuwa la mtafiti. Wenzake walimwita Mama Mboni, maana kwa miaka kumi na miwili alikuwa akitafuta jeni zinazoharibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Orodha ya ukoo alipewa na shangazi wa watoto aliokuwa anawachunguza, naye shangazi hakutenganisha wazima na wafu.

Watoto wenyewe walikuwa mabinti wawili, wajukuu wa babu, mmoja wa miaka kumi na minne, mwingine tisa. Jua likizama walianza kujigonga kwenye miimo ya milango. Mkubwa alishafika mahali pa kuiona dunia kama anayechungulia kwenye bomba. Baba yao alikuwa dereva wa lori, aliendesha usiku kucha bila kubabaika, na kwa shangazi hilo lilikuwa ushahidi wa kutosha. Kwao macho ni ya mwewe, alisema. Ubovu umeletwa na mke. Miaka mitatu nyuma mke akarudishwa kwa kaka yake na sanduku moja. Mabinti wakabaki.

Mama Mboni alimuuliza babu alianza lini kutoona gizani. Tangu ujana, babu akajibu. Kazini walimtania kuwa anamwogopa mkewe, kwa jinsi alivyokimbilia nyumbani kabla ya machweo, naye akaona heri achekwe kwa hilo kuliko kwa lile jingine. Usiku binti yake mkubwa ndiye aliyemshika mkono kumpeleka uani.

"Huyo ndiye shangazi?" aliuliza Mama Mboni. "Kwa hiyo anajua."

"Anajua sana. Tulimfundisha kunyamaza, akafuzu."

Majibu yalichukua wiki sita. Kasoro ilikuwa moja, kwenye jeni moja. Babu alikuwa nayo. Dereva alikuwa nayo, na mabinti wote wawili. Mama yao hakuwa nayo.

Dereva na dada yake waliitwa kusomewa. Babu naye alikuja. Shangazi alimwamkia baba yake, akaondoa mkoba wake kwenye kiti ili akae. Mama Mboni akaeleza kwamba wapo wanaoibeba kasoro hii maisha yao yote bila kuumwa, kisha wakawarithisha watoto. Dereva alitazama viganja vyake.

Babu akasimama. "Ni mimi. Mkwe wangu hana kosa. Mrudisheni."

Shangazi hakupandisha sauti. "Baba, heshima yako iko palepale. Lakini wewe ushatangulia. Ya walio hai tuachie sisi."

Akaongeza kwamba ana mabinti wawili waliokwisha kuposwa, na habari kama hizi zikitoka nje nani atawaoa. Dereva akatia sahihi kwamba amepokea majibu, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Barua ya majibu ya mke, Mama Mboni aliipeleka mwenyewe. Babu alifuatana naye. Walimkuta anapiga pasi nguo za watu. Alimwamkia babamkwe, akampa kigoda, akaisoma barua mara mbili, akazima pasi.

"Kule wameshasoma?"

"Wameshasoma," alisema babu.

Kisha akauliza yule mdogo amebakiwa na muda gani wa kuona. Mama Mboni alisema miaka minane, pengine kumi. Mkubwa, michache tu.

"Basi waniletee wanangu," alisema. "Wanione sura wakati bado wanaona."

Babu aliufikisha ujumbe alasiri ileile. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamletea maji, akasema watalitazama shule zikifungwa. Shule zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena.

Siku hizi babu ana kadi yake pale kliniki. Huja kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, na kwenye ubao wa kupimia macho husoma mpaka mstari wa mwisho. Mjukuu wake mkubwa yuko shule ya wasioona. Akirudi likizo humwomba babu amweleze mama yake anafananaje, na babu humweleza bila haraka, akianzia kwenye nyusi. Shangazi huinuka akafunga dirisha la sebule, majirani wasisikie, kisha hurudi kukaa.