Mwezi Uliolala Chali

Jacktone Odera hakuamini uchawi, ila uchawi ndio uliokuwa ukimlisha, na mlo wenyewe ulikuwa mwembamba. Akiwa katika chumba chake cha kupanga mtaani Kimumu alikuwa ametengeneza app ya mwezi kwa ajili ya Wazungu wanaofanya uchawi wa sherehe, wale wa majoho, mapanga, ubani na Kilatini kingi. Mwezi ukikua, app inawaambia kwa picha wavute mema. Ukipungua, wafukuze mabaya. Wateja walikuwa hamsini na mmoja, na huyo mmoja alikuwa Jacktone mwenyewe.

Mamake, Mwalimu Seline, alikuwa amekuja kutoka Siaya na amri moja tu: Jumamosi kijana arudi nyumbani akasimamie mashine ya mjomba ya kusaga unga. Kijana wa miaka thelathini na mbili! Jacktone alikuwa amemwambia kwamba app ni kalenda ya wakulima wa Moiben. Tumaini lake lilibaki kwa mtu mmoja, Paul wa Uskoti, mkuu wa chama cha wachawi mia nne, aliyekuwa akiijaribu app kwa mwezi mmoja. Akiridhika, wote mia nne wangejiunga, na mjomba angetafuta mtu mwingine.

Paul alipiga simu ya video jua likizama. Jacktone alikuwa juu ya paa akianua nguo, mamake akizikunja, na Khadija, mwenye nyumba, amekodolea macho magharibi akitafuta mwezi wa Ramadhani.

"Umeniharibia nyumba!" Paul alifoka kwa Kiingereza chake cha kukwaruza.

Kumbe alikuwa amefanya ibada ya kumfukuza mama mkwe wake. Alifunga siku tatu, akavaa joho, akazungusha upanga sebuleni mpaka akakata waya wa taa. Wiki iliyofuata mama mkwe, aliyekuwa akija Jumapili tu, alihamia kabisa na masanduku manne na paka wawili.

"Ulifanya lini?" Jacktone aliuliza.

"Tarehe ishirini na mbili Januari."

"Lakini hapo mwezi ulikuwa unakua. Hapo unavuta, hufukuzi."

"Ningejuaje? Kila picha yako ni bakuli! Mwezi hulala chali wapi duniani?"

Picha hizo Jacktone alizichora mwenyewe akiangalia dirishani, akaondoa maneno yote kwa sababu aliona yanaharibu urembo. Tangu azaliwe, mwezi mwembamba kwake ulikuwa umelala, ukikua umelala, ukikonda umelala. Hakuwahi kuwaza kwamba kwa wengine husimama wima. Akaanza kusikia mashine ya mjomba ikinguruma masikioni.

"Huo hapo!" Khadija alipiga kelele. "Mashallah! Odera, geuza simu aone, aache kukutukana."

Jacktone akageuza simu. Mwezi ulikuwa juu ya mabati ya Kimumu, mgongo chini, pembe juu, umejilaza bila wasiwasi. Bibi mmoja mwenye paka begani akachungulia nyuma ya Paul, akasema hajawahi kuona kitu kizuri namna hiyo. Huyo ndiye Brenda, mama mkwe mwenyewe.

Seline akaacha kukunja shuka. "Jack, nani anafukuzwa?"

"Huyo bibi, mama. Anakaa kwa mkwe wake." Jacktone alijua kalenda ya Moiben imekwisha. "Huyo mkwe ni mchawi."

Uchawi ulimpita Seline kama upepo. Kilichomshtua kilikuwa kingine. "Mama mkwe analala kwa nyumba ya mkwe? Woi! Leta hiyo simu!"

Kwa Kiingereza cha mwalimu mstaafu alimweleza Brenda kwamba huo ni mwiko, kwamba kwa Wajaluo mama mwenye heshima zake halali chini ya paa la aliyemwoa bintiye, na kwamba afunge masanduku aje Kenya. Brenda akakubali, akaanza kulia. Alisema tangu mumewe afe hakuna mtu aliyemwalika mahali popote. Seline naye akajifuta machozi kwa shuka safi.

"Ibada imefanya kazi," Paul alinong'ona. "Imechelewa, lakini imefanya kazi." Akaahidi wanachama wote mia nne kesho asubuhi.

Jacktone karibu aruke kutoka juu ya paa. "Umesikia, mama? Siendi kwa mjomba!"

"Huendi. Nani atamkaribisha Brenda?"

"Si anakuja kwako Siaya?"

"Kwangu choo iko nje, na yeye ni mzee. Atakaa hapa na wewe. Wewe hujaoa, si mkwe wa mtu."

"Na paka?"

"Wakuje tu," Khadija alidakia. "Panya wa duka langu wamenizidi."

Jacktone alishuka chumbani, kitanda kimoja, kiti kimoja. Akafungua app yake, na kwa mara ya kwanza maishani akatafuta siku nzuri ya kufukuza. Yalikuwepo mabakuli mawili, yanafanana kama mapacha, na hakujua ni lipi la kufukuza.